Kutengeneza Master Sword kwa mikeka ya foamu: vipimo, gundi na rangi kwa hali ya hewa ya Dar

Master Sword, upanga anaobeba shujaa Link katika michezo ya video ya The Legend of Zelda, haujawahi kubaki na sura moja. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1991 katika A Link to the Past, ukaundwa upya kwa 3D mwaka 1998 katika Ocarina of Time, na umebadilishwa tena na tena tangu hapo. Nakala nyingi zinaharibikia hapa hapa, kabla hata kisu hakijashikwa: mtu anachukua bapa kutoka mchezo mmoja, mabawa kutoka mwingine, rangi kutoka mchoro wa shabiki, halafu kitu chote hakikai sawa na hajui kwa nini. Chagua toleo moja ubaki nalo. Maelezo haya yanafuata lile la Breath of the Wild, mchezo wa 2017: bapa la rangi ya fedha, alama ya Triforce (pembetatu tatu zilizopangwa kuwa moja kubwa) kwenye shina la bapa, mabawa ya zambarau iliyoegemea bluu, kito cha njano katikati ya mabawa, na mpini uliozungushiwa kijani.

Vipimo vinamfaa mtu wa sentimita 160 hadi 175. Bapa linaloonekana ni sentimita 72, kifua cha mabawa (sehemu ya katikati ambako bapa, mabawa na mpini hukutana) 4, mpini 18, kitako 5, jumla 99. Upana wa bapa ni 6 kwenye shina na 5 pale ncha inapoanza kuchongoka, na ncha yenyewe ina urefu wa 9. Mabawa yana 26 kutoka ncha hadi ncha. Kwa mtoto wa miaka 10 zidisha urefu wote kwa 0.75, ila usiguse unene, kwa sababu unene ndio unaoficha mbao iliyo ndani.

Tafuta picha ya upanga iliyotazamwa mbele kabisa, isiyoinama upande wowote. Ikuze mpaka bapa lifike sentimita 72, kisha igawe kwenye kurasa za A4. Upanga mzima unakula kurasa 4 zikipandiana sentimita 1, na mabawa yachapishwe peke yake kwenye ukurasa uliolazwa. Mashine nyingi za steshenari zimepangwa kubana picha ili iingie ndani ya kingo za karatasi, kwa hiyo chora mstari wa sentimita 10 pembeni ya picha, mwambie mhudumu achapishe kwa asilimia 100, na upime mstari huo kwa rula ukiwa bado dukani. Ukisoma 9.6, bapa lako litapungua karibu sentimita 3 na hakuna sehemu itakayokutana na nyingine. Karatasi ikishaungwa, ikunje katikati kwa urefu na ukate nusu moja tu. Ukiikunjua, kushoto na kulia vitalingana. Kuhusu mwelekeo wa ncha za mabawa usikumbuke kwa kichwa, fuata picha.

Vifaa

Foamu ya kazi hii ni ile mikeka ya watoto yenye meno ya kuunganisha, ya sentimita 60 kwa 60 na unene wa milimita 10. Kariakoo ipo kwenye maduka ya vitu vya watoto na ya vifaa vya mazoezi. Chukua mikeka 3. Kabla ya kulipa, bonyeza ukucha kwenye pembe: alama ikirudi yenyewe ndani ya sekunde chache, ni foamu nzuri, ikibaki shimo, ni laini mno na makali ya bapa yatajikunja siku ya kwanza. Ongeza karatasi 4 za foamu nyembamba ya milimita 2, ile ya kazi za mikono za shule.

Gundi ni ya viatu, ile ya njano ya kopo wanayotumia mafundi viatu. Mililita 250 zinatosha. Gundi nyeupe ya mbao mililita 250, rangi ya kupuliza ya fedha kopo moja la mililita 400, rangi ya maji nyeusi, bluu, nyekundu na nyeupe kidogo, msasa namba 80, 120 na 240, rula ya chuma, na kisu cha bapa la kuvunjwa ncha pamoja na pakiti nzima ya mabapa yake. Usibane matumizi kwenye mabapa. Foamu inafisha kisu haraka, na kisu kibutu hakikati foamu, kinaichana.

Utahitaji pia hewa moto. Kikaushia nywele hakifiki kwenye joto linalotakiwa. Mafundi simu wana mashine ya hewa moto ya kung'olea vipuri kwenye bodi; ukielewana na mmoja akuruhusu nusu saa, hutalazimika kununua yako. Mwombe aondoe mdomo mwembamba ili hewa isambae, na aweke nyuzi 300.

Uti wa mbao

Hapa ndipo upanga unapopona au unapokufa. Foamu pekee ya urefu wa sentimita 72 inapinda kwa uzito wake yenyewe, na mahali inapovunjikia ni palepale kila mara: bapa linapoingia kwenye mabawa. Dawa yake ni uti mmoja usiokatika, unaoanzia ndani ya bapa, unapita kwenye kifua cha mabawa na mpini, na kuishia ndani ya kitako. Ukiunga vipande viwili pale kwenye mabawa kwa msumari au gundi, umeweka udhaifu mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote.

Nenda kwa maseremala, Keko kwa mfano, uombe kipande cha mabaki ya mninga au mtiki. Seremala akupasulie ufito wa upana wa milimita 20, unene wa milimita 8 na urefu wa sentimita 86, kisha apige randa. Nyuzi za mbao ziende sawa kutoka mwanzo hadi mwisho bila jicho (fundo la tawi) hata moja, kwani ufito mwembamba hivi hukatikia kwenye jicho. Paini ni rahisi kuipata, lakini ina macho mengi, iache. Unene wa milimita 8 nao ufuatwe. Ukikubali ufito wa 10 kwa sababu ndio uliokuwepo, juu yake patabaki foamu isiyofika milimita 2 kwenye miteremko, na mistari miwili mirefu itajichora kwenye bapa ukishapaka fedha.

Wakati wa masika mbao zinazokaa nje zinakuwa na maji. Weka ufito wako ndani ya nyumba kwa wiki moja, ulale juu ya sakafu tambarare na kitu kizito juu yake. Ukiufungia kwenye foamu ukiwa mbichi utapinda ukiwa ndani, na hapo hunyooshi tena.

Pima sasa. Kutoka juu, sentimita 60 ni za bapa, 4 za kifua, 18 za mpini, 4 za kitako. Ina maana mbao inaishia sentimita 12 kabla ya ncha ya upanga, na ncha inabaki foamu tupu. Ni makusudi: upanga huu utapungwa katikati ya watu, na ncha ikimgusa mtu usoni inapaswa kujikunja. Kwenye sentimita 4 za kifua toboa matundu mawili ya milimita 3 yanayopita kwenye upana wa ufito, moja sentimita 1.2 chini ya bapa na jingine 2.8. Vijiti vya mishikaki vitapita hapo baadaye kushika mabawa. Toboa sasa, kwa sababu foamu ikishavaa hutaona tena unapoingiza drili.

Mwisho, zungushia sentimita 3 za mwisho za ufito, upande wa kitako, mita 3 za waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 uliomenywa, ule mafundi umeme wanaoutumia kwenye soketi. Unaongeza gramu 65 hivi. Bila uzito huo upanga unakuwa mzito mbele, kiwiko kinachoka, na kila pozi unalopiga linaonyesha mtu anayebeba ubao.

Bapa

Mkeka wa sentimita 60 hautoshi bapa ukiliweka sambamba na ukingo. Liweke kwenye ulalo, pembe hadi pembe, ncha ikielekea kwenye pembe ya mkeka. Kata urefu wa sentimita 76: 72 za kuonekana na ulimi wa 4 utakaoingia kwenye kifua. Ulimi huo upunguze upana uwe sentimita 3. Kata vipande viwili kutoka mikeka miwili, kisha vilaze vikiwa vimetazamana. Upande wenye vichirizi ndio uwe wa ndani, kwani ukibaki nje hata msasa hauufuti wote.

Upande wa ndani wa kila kipande chora mfereji wa milimita 20 katikati, kuanzia mwisho wa ulimi hadi sentimita 12 kabla ya ncha. Toa bapa la kisu nje kwa milimita 4 tu, ulifunge hapo, ukate kingo mbili kwa rula ya chuma, halafu menya katikati kidogo kidogo. Weka ufito ndani kukagua: unapaswa kuzama nusu, ukibaki nje milimita 4.

Geuza sasa ukate miteremko ya makali. Chora mstari wa katikati upande wa nje, na ubavuni chora mwingine ulio milimita 1.5 juu ya meza. Kisu kiunganishe mistari hiyo miwili. Vunja ncha ya bapa la kisu upate mpya, lilaze, na uvute mkono mrefu usiosimama kutoka shina hadi ncha. Ukisimama, kisu kikianza tena kinaacha ngazi. Ukikata kwa kwenda mbele na kurudi kama msumeno, unapata mawimbi, na mawimbi kwenye rangi ya fedha yanaonekana kuliko kosa jingine lolote. Sentimita 8 za shina usizikatie mteremko, ziache tambarare kwa ajili ya Triforce.

Chora Triforce kabla ya joto. Pembetatu kubwa iwe na pande za sentimita 3.2; unganisha nusu za pande zake na utapata tatu ndogo za 1.6, na ya nne iliyopinduka katikati ambayo ndiyo uwazi. Kata mistari kwa kina cha milimita 2, wima, bila kutoa kitu. Kisha pitisha hewa moto juu ya bapa lote kwa umbali wa sentimita 10, mkono ukitembea muda wote. Foamu inabadilika mbele ya macho: nywele zilizoachwa na msasa zinajikunja na kupotea, uso unang'aa kidogo kama ngozi, na ile mistari uliyokata inafunguka yenyewe kuwa mifereji safi. Ukiona moshi umekaa mno. Ondoka na ufungue dirisha.

Gundi

Gundi ya viatu haifanyi kazi kama gundi nyeupe. Paka nyembamba pande zote mbili, ziache wazi dakika 10 hadi 15, na uunganishe pale kidole kinapogusa bila kubeba gundi. Ukiunganisha mapema, kimiminika kinafungiwa ndani na kiungo kinabaki laini kwa siku nyingi. Siku ya mvua, hewa ya Dar ikiwa imejaa maji, utaona ukungu mweupe juu ya gundi inapokauka. Huo ni unyevu uliotua, na gundi hiyo haitashika. Ipashe kwa kikaushia nywele mpaka weupe upotee, au subiri siku kavu.

Anza na ufito: upige msasa namba 80, paka gundi kwenye mbao na kwenye mfereji wa kipande cha kwanza, uubonyeze ndani. Kisha kipande cha pili. Pande zenye gundi zikishagusana hazitelezi tena, hivyo anza na shina, mwenzio akilaza karatasi ya kuokea katikati ya sehemu ambazo bado hazijagusana, na muivute polepole kadiri mnavyobonyeza kuelekea ncha. Mvuke wa gundi hii unashika moto na unaumiza kichwa. Fanyia barazani, mbali na jiko la mkaa na jiko la gesi.

Mabawa, mpini na kitako

Kila bawa ni tabaka mbili za milimita 10, yaani unene sawa na ulimi. Yapachike kwenye ubavu wa ulimi kwa gundi, yakishikwa na vijiti viwili vya mishikaki vya sentimita 16 vinavyopita kwenye matundu ya ufito na kuzama ndani ya bawa kila upande. Ndipo ufunike mbele na nyuma kwa foamu nyembamba iliyokatwa kipande kimoja, bawa hadi bawa. Kipande hicho kimoja ndicho kinachoficha kiungo. Ukikikata katikati, mstari utafunguka ukutazame. Manyoya ya mabawa ongeza kwa tabaka ya pili ya milimita 2.

Mpini ni vipande viwili vya milimita 10 vyenye mfereji uleule, upana sentimita 3, kisha pembe zikatwe na kulainishwa kwa msasa 120. Kitako ni tabaka 4. Mbili za ndani toboa dirisha zima ili waya wa shaba upate nafasi, za nje zifunike.

Kito usikichonge kwa foamu. Chukua kokoto bapa ya kioo isiyo na rangi, zile za kuweka kwenye vazi za maua, uipake rangi ya kucha ya njano upande wa nyuma mara 2. Mwanga unaingia kwenye kioo, unagonga njano, unarudi, na kito kinaonekana kina kina. Chimba kitanda chake kwenye kifua, uibandike baada ya kazi yote ya rangi.

Kuziba na kupaka

Foamu inanyonya rangi, hivyo izibe kwanza kwa gundi nyeupe: sehemu 2 za gundi kwa 1 ya maji, mikono 4, kila mkono ukauke. Kugundua kama umekauka tumia mgongo wa kidole. Ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka. Wakati wa kiangazi saa moja inatosha. Wakati wa masika hata saa 4 hazitoshi, na ukipaka juu ya mkono mbichi ngozi yote inavutika na brashi. Usitumie pati ya magari kujaza mashimo, kwani inakauka kama jiwe na foamu ikipinda kidogo inapasuka.

Paka nyeusi upanga mzima kwa brashi, piga msasa 240 kwa mkono mwepesi, kisha funika mabawa na mpini kwa gazeti na upulize fedha kwenye bapa. Umbali sentimita 25 hadi 30, mikono 3 myembamba, dakika 15 kati yake. Muda mzuri ni saa 3 hadi saa 5 asubuhi: umande umeondoka na upepo wa mchana haujaanza kubeba vumbi. Ukipuliza mvua ikinyemelea, fedha inafifia kuwa kijivu cha maziwa. Vanishi nayo inaweza kuua mng'ao wa fedha, ijaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki. Kwenye mabawa na mpini haina shida, ipake.

Zambarau ya mabawa ni sehemu 4 za bluu kwa 1 ya nyekundu, na tone la nyeupe. Nyekundu iwe iliyoegemea waridi. Iliyoegemea machungwa ikikutana na bluu inatoa kahawia, na hakuna nyongeza itakayoirudisha. Kwenye mifereji ya Triforce pitisha nyeusi iliyoongezwa maji, ufute juu kwa kitambaa kabla haijakauka. Mpini uzungushie utepe wa kijani wa sentimita 1 ukipishana msalaba, ncha zifungiwe chini ya mabawa na juu ya kitako kwa gundi ya viatu.

Ukipenda upanga ulioamka, kama unavyokuwa ndani ya mchezo ukimkaribia Guardian, mashine ya kale inayomshambulia Link, na nguvu ya upanga kupanda kutoka 30 hadi 60, pitisha brashi kavu yenye samawati nyepesi kwenye makali tu. Kidogo sana. Ukizidisha linakuwa bapa la bluu.

Kusafirisha na kutunza

Barabarani uufunge wote kwa khanga au uuweke kwenye boksi refu. Kutoka mita 10 bapa la fedha ni panga, na abiria wa daladala au askari hana sababu ya kudhani vingine. Usiuache kwenye gari lililoegeshwa juani: gundi ya viatu inalainika kwa joto, na viungo vya mabawa ndivyo vya kwanza kuachia. Vikiachia, kwangua gundi ya zamani, paka mpya pande zote, usiongeze juu ya ile iliyochakaa.

Nyumbani wengi hutaka kuusimamisha ncha chini, kama unavyokutwa kwenye jiwe lake katika Msitu wa Korok. Ncha hii haina mbao na itajikunja ndani ya wiki. Tengeneza kigingi chenye mikono miwili inayobeba mabawa, ncha ibaki inaning'inia sentimita 1 juu ya kitako cha kigingi.

Bapa likija kuvunjika kabisa, usilitupe. Tears of the Kingdom, mchezo wa 2023 unaofuata Breath of the Wild, unaanza kwa upanga huuhuu ukiliwa na nguvu ya giza na kubaki kipande. Kata foamu iliyoharibika kwa mapengo yasiyolingana, punguza ufito uishie sentimita 5 ndani ya kipande kilichobaki, choma kingo kwa hewa moto hadi zijikunje, kisha paka nyeusi na wekundu wa damu ya mzee kwenye nyufa, ukiacha fedha ionekane karibu na Triforce peke yake.